Pumzi ya Mama wa Usingizi

Pale chumba cha dharura, mtaalamu wa dawa ya usingizi wanamwita Mama wa Usingizi. Winfrida, muuguzi mpya, ameshamkariri: anaomba kanga ya ndugu wa mgonjwa, anaikunja na kuiweka chini ya kichwa, anasugua viganja, kisha, kabla ya kuingiza mpira wa hewa kooni, anavuta pumzi na kuibana. Mashavu yanamvimba kama mpiga tarumbeta!

Leo kaletwa mkulima kutoka Mgeta, nimonia imemkaba, midomo imekuwa ya bluu. Mama wa Usingizi akamchoma dawa, akabana pumzi, akainama. Mpira ukakwama. "Sukuma, umebaki kidogo!" daktari akahimiza. Yeye akaachia pumzi kwa kishindo, akachomoa mpira, akarudisha barakoa ya oksijeni. "Mimi mzima nimeishiwa pumzi, yeye je?" Akawa anaminya mfuko wa hewa taratibu, "Twende, baba, twende," mpaka midomo ikaanza kurudia rangi yake. Akabana pumzi tena, akainama. Safari hii mpira ukateleza, na kifua kikainuka pande zote mbili, kulia na kushoto. Chumba kizima kikalipuka kwa vifijo! Yeye akageuka, jasho linamtiririka, anacheka. "Na wewe Winfrida, pumua basi, nisije nikakuwekea mpira."