Chemchemi Iliyokunywa Akili Yangu

Nikiwa mtoto wa darasa la nne huko Hirbadaw, ambako Baba aliendesha kombaini katika mashamba ya ngano ya serikali, hakuna aliyeniweza kwa hesabu za kichwa. Mwalimu akiwa hajamaliza kuuliza, mimi nimeshasimama!

Bibi, mama yake Baba, alikuwa ametoka Maretadu kuja kutulea. Alitukataza jambo moja: tusinywe maji ya chemchemi ya bondeni jua likiwa utosini. Mwenye maji, pepo wa chemchemi, hupumzika saa hiyo, alisema, na mtoto akimnywea maji, yeye humnywa mtoto akili.

Siku moja ya mavuno nilitoka shule na kiu isiyo ya kawaida. Niliinama pale bondeni, nikanywa mpaka tumbo likauma.

Kiu haikukatika. Kwa wiki kadhaa nilimaliza maji ya mtungi, nikatoka kukojoa kila mara, na gauni la shule likanipwaya. Lakini kilichonitisha ni hesabu. Mwalimu aliniuliza swali la watoto wa darasa la pili, nikabaki nimesimama, jibu halipo. Wenzangu walicheka. Mwalimu akasema kama ni hivi, nitarudishwa nyuma.

Nyumbani nililia. "Bibi, nilikunywa kule bondeni. Saa sita mchana."

Hakunipiga. Alinishika mkono hadi nyuma ya nyumba, nilipozoea kukojoa. Sisimizi walijaa pale, weusi tii.

"Siku ya nne nawatazama," alisema. "Mtoto akifuatwa hivi, maji yameshamchukua. Twende."

"Kwa mganga?"

"Mganga yuko Maretadu, mbali, na kwa hali hii huwezi kufika. Zahanati iko hapa."

Daktari wa zahanati, kijana mwembamba, alitupokea huku akiandika.

"Shikamoo, Bibi. Mtoto ana homa?"

"Marahaba. Akili yake imenywewa. Na sisimizi wanakula mkojo wake."

Kalamu ilisimama. "Umesema sisimizi?"

Alinipa kikopo nikojolee. Akatia matone ya mkojo kwenye kibomba cha kioo chenye dawa ya buluu, akakishika juu ya moto. Buluu ikawa kijani! Kijani ikawa njano, na njano ikaiva mpaka nyekundu ya tofali. Nilisahau kuumwa, nikapiga makofi.

"Fanya tena, Daktari!"

Hakucheka. "Bibi, huyu ana kisukari. Sukari imemjaa kwenye damu, mwili hauwezi kuitumia. Ndiyo maana hata kichwa kimechoka. Aende hospitali leo hii."

"Sukari?" Bibi alishangaa. "Kwetu sukari ni ya Krismasi. Ameila wapi?"

Baba alitupakia kwenye lori la shamba, akatupeleka mwenyewe. Nilichomwa sindano asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza nililala tu. Ya pili, mchana mmoja, Bibi ambaye hakusoma hata siku moja aliinama kitandani kwangu akauliza, "Maboma saba, kila boma lina ng'ombe wanane. Ng'ombe wangapi?"

"Hamsini na sita!"

Lilitoka lenyewe. Tulitazamana. Jibu hakulijua, kwa hiyo akamgeukia muuguzi. "Eti ni kweli?"

"Ni kweli kabisa, Bibi."

Alipiga vigelegele mpaka wodi nzima ikaamka. Nikaomba swali lingine, na lingine, hadi ng'ombe wa wilaya yetu ya Hanang wakatuishia!

Shuleni nilibaki darasa la nne. Sikuwa mwepesi wa kila kitu kama zamani. Majina ya miji yalinitoka, na mpaka leo sukari ikipanda sana huwa nasoma ukurasa mmoja mara tatu. Madaktari wamenieleza kwamba watoto wengi hurudiwa na akili zao wakipata dawa mapema, ingawa si wote, na si yote.

Bibi alikufa akiamini kwamba mwenye maji aliiogopa sindano. Sikuwahi kumbishia. Siku hizi nikikumbuka mwaka ule, nawawaza zaidi watoto waliokonda madarasani wakaitwa wavivu, wakarudishwa nyuma, kisha siku moja madawati yao yakawa matupu. Mimi nilikuwa na mtu aliyenitazama siku nne mfululizo.