Niliringia Fo-wili, Nikakosa Kumuaga Baba

Nimekosa mimi. Hasira ninazo mpaka leo, lakini sina wa kumsingizia.

Tulikuwa na gari dogo kuukuu la saluni, linavutwa na magurudumu ya mbele. Halikuwahi kutulaza njiani. Lakini miaka ile ya ruksa, magari ya mitumba ya Japani yalipojaa hapa Dodoma, jirani yangu Mama Salma akaletewa gari la jipu, la fo-wili, eti magurudumu yote manne yanavuta. Zee, lakini kubwa! Akipita ananipungia mkono toka juu huko: "Jirani, bado mpo na kiberiti chenu?"

Wivu ukanila! Nikamsumbua mume wangu mpaka tukabadilishana magari na kina Mama Salma, nikaongezea na cherehani yangu. Yeye alitaka kwanza fundi alikague jipu lao. Nikafoka: "Unataka kumuaibisha jirani? Fo-wili haikaguliwi, inaonekana!"

Mwezi haujaisha, asubuhi moja habari ikaja kutoka kwetu Kolo, huko Kondoa: baba amefariki, anazikwa alasiri. Kwetu maiti haisubirishwi. Basi la Kondoa lilikuwa bado stendi. Nikasema, basi la nini na gari ninalo?

Tukanasa kwenye mchanga wa korongo. Mume wangu akaingiza gia ya fo-wili. Magurudumu ya nyuma yanachimba, ya mbele yametulia kama wageni! Watu wakasukuma, wapi! Lidude halisogei.

Mara nyuma yetu kikatokea kiberiti, kile kile tulichowapa. Mama Salma na mumewe, wanakwenda kunizikia baba yangu! Wanaume wanne wakakisukuma, kikavuka.

"Jirani, panda twende! Muda umekwisha!"

Mume wangu akasema, "Nenda, mama." Nami kwa roho yangu mbaya nikajibu, "Tangulieni tu. Sisi tuna fo-wili."

Yarabi!

Nilifika magharibi. Baba keshazikwa, jeneza limesharudishwa msikitini. Mama yangu hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mwenzio kafika na gari lako. Wewe umekuja na nini?"

Baadaye fundi akalala chini ya jipu, akacheka. Propela ya mbele, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya mbele, ilitolewa zamani, ili lisinywe mafuta mengi! Nikamvaa Mama Salma. Akanitazama: "Ulitaka ukubwa, nikakupa. Na lifti pia nilikupa."

Kila asubuhi nakisikia kiberiti kikiwaka kwake, mara moja tu, na bado nakionea wivu. Wenzangu, mkitamani gari la mtu, laleni kwanza chini mlichungulie. Na mkiambiwa pandeni, pandeni!