Vikengele vya Orie

Bafu langu la umma hapa Kanazawa, Japani, halifunguliwi Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku bendi ya kina Tamotsu inapokuja kurekodi albamu yao. Wanapenda mwangwi wa vigae. Wapiga fidla hukaa ndani ya dimbwi la kuogea lililokaushwa, mwimbaji husimama penye mabomba, na Orie hubanwa kwenye kona na vikengele vyake vya chuma, vile vya kugongwa kwa nyundo ndogo. Siku nyingine anauza tofu, ile jibini ya soya, hapo jirani. Vikengele ndivyo vinavyomfanya ajione mtu.

Jumatatu ya mwisho nilimwona akimkodolea macho mpiga ngoma. Hakuwa akisikiliza, alitazama mabega ya mwenzake ajue lini agonge. Wimbo ukaisha, yeye akaendelea peke yake.

Tamotsu, kiongozi wao, akainamisha kichwa. "Umefanya kazi nzuri sana, dada Orie. Pole kwa uchovu."

Wote wakainama. Kwetu aliyekosea hasemwi. Hushukuriwa, halafu haitwi tena. Nilimkuta Orie kwenye makabati ya viatu, kiatu kimoja mkononi.

"Shangazi, sauti nyembamba sizisikii. Birika likipiga mluzi, naona mvuke tu."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Naogopa."

"Daktari, au jibu lake?"

"Jibu."

Hata mimi niliingiwa na hofu. Marehemu mama yake alianza hivyohivyo, akaishia kutosikia hata mlango ukigongwa.

Albamu ilipotoka alinijia nayo asubuhi, kabla sijawasha moto wa maji. Tukaiweka kwenye redio yangu. Fidla zikapanda taratibu, mwimbaji akaingia kama mtu anayeota. Orie aligeuza sikio hili, akageuza lile.

"Vyangu havipo," alisema. "Wamenitoa, sivyo? Wengine wana adabu, watanidanganya. Wewe huna. Niambie wamenitoa."

Alikuwa akiomba afukuzwe, maskini. Bendi nyingine angepata, lakini masikio mengine angeyatoa wapi?

Mimi nilivisikia. Vikengele vilikuwapo tangu mwanzo, vimetangulia mbele ya fidla zote. Kisha fidla zikanyamaza, mwimbaji akanyamaza, na Tamotsu alikuwa amekibakiza hata kile kipande cha mwisho ambacho Orie aligonga peke yake.

Orie akanyoosha mkono azime redio.

Nikamshika. "Acha, mwanangu. Bado unapiga."