Mtembeza Wageni wa Kilima cha Vita

Mtembeza wageni niliyekuwa nikimwendesha kutoka Kisumu alikuwa na sauti ya mhubiri na kidole kirefu cha shahada. Kila tulipofika kwenye kilima cha Kisii, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana mwaka 1914, alitafuta kwanza mahali penye kivuli, ndipo kidole kikashuka: "Kapteni alianguka hapa." Siku za matope, kapteni alianguka kando ya barabara.

Mwaka 1987 tulimpeleka mama mmoja Mwingereza, aliyekulia Muhoroni. Alisema baba yake alipigana pale. Kidole kikashuka upesi.

"Pole sana, Mama. Alifia hapa."

"Baba alifariki mwaka jana," mama akajibu kwa upole, "kitandani kwake."

Mtembeza wageni hakupepesa jicho. Alisogea kidogo. "Basi hapa ndipo alipolala kifudifudi, risasi zikapita juu."

Mama alicheka, kisha akalala kifudifudi kwenye nyasi, na sketi yake safi. Mtembeza wageni alinitazama, akavua kofia, akalala kando yake. Nikamsikia akiuliza, kwa sauti ndogo nisiyoijua: "Sasa Mama, baba alikuwa anasema ilikuwa namna gani?"