Ua Lisilonuswa

"Mangi, siku hizi hata maua yanataka pasipoti?"

Awadhi, muuza mabegi wa ghorofa ya chini, alimwuliza hivyo Leodegar alipomwona anaelekea kwenye ngazi kwenda kupiga picha ua la Mama Harshida, stendi mbili za taa begani na kamera imening'inia shingoni.

"Linasafiri," Leodegar akajibu bila kusimama.

"Basi liambie lisicheke. Na masikio yote mawili yaonekane!"

Watu wa kibarazani wakaangua kicheko. Leodegar alipanda ngazi. Alipofika ghorofa ya kwanza akapumzika, ya pili akapumzika tena. Magoti yalikuwa yameanza kumdai ujana wake.

Alitoka Kibosho akiwa kijana, akaingia Kariakoo na kamera ya mkopo, akapiga harusi, ubatizo, kipaimara, na misiba ya watu waliotaka kuonekana wakilia. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha. Kilichobaki kwake ni chumba kimoja mtaa wa Gerezani, shuka jeupe ukutani, na picha za pasipoti saizi. Flashi moja kulia, nyingine kushoto, nguvu sawasawa. Kivuli kikionekana nyuma ya sikio, picha inakataliwa. Kwa hiyo kazi yake, ukiitazama vizuri, ilikuwa kufukuza vivuli, kutwa kucha. Mkewe Severa alikwisha kurudi nyumbani kwenye migomba na kahawa. Kila Jumapili alipiga simu: "Baba Godbless, unangoja nini huko Bongo?" Naye Leodegar aliuliza habari za kahawa.

Mama Harshida alimfungulia mlango wa ghorofa ya tatu kabla hajabisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Pita, pita huku."

Wakapita sebuleni, palipokuwa na madhabahu ndogo ya nyumbani na picha ya marehemu mumewe, Ravindra, imevishwa shada ukutani, wakatokea kwenye roshani ya nyuma. Huko Ravindra alikuwa na shamba lake la ajabu: okidi zilizoning'inizwa kwenye vipande vya miti na makumbi ya nazi, chini ya wavu wa kivuli. Nyingi zilikuwa zimekauka. Moja tu ilikuwa na ua, nalo moja, jeupe, umbo la nyota, lenye mkia mrefu mwembamba uliochuruzika nyuma yake. Mzee aliliokota likiwa limekumbatia gogo la kuni lililoshushwa kwenye lori hapo Gerezani, akalitunza hadi mwisho wake, wala halikumchanulia hata siku moja.

"Kesho mwaka unatimia tangu aondoke," Harshida alisema. "Asubuhi nalikata, naliweka mbele ya Mungu kwa ajili yake. Lakini mwanangu Pranav huko Uingereza anataka kuliona. Nimelipiga kwa simu. Tazama."

Kwenye simu palikuwa na doa jeupe, kama tone la maziwa kwenye zulia.

"Nitalipiga, mama."

"Liko moja tu, Leodegar. Usiliguse."

"Sitaligusa."

Akatundika shuka jeupe nyuma ya gogo, akasimamisha flashi moja kulia, nyingine kushoto, akapiga. Mwanga ukamwagika, barabarani mtu akapaza sauti kwamba radi imepiga bila mvua. Harshida akachungulia kioo cha kamera.

"Hili limekufa," alisema.

Leodegar akatazama. Kweli. Ua lilikuwa limesimama kama mwombaji wa kitambulisho, wazi, bapa, halina la kusema. Akajaribu tena, akajaribu tena, mikono ikirudi yenyewe kulekule ilikozoea. Mazoea yana taabu. Mwishowe akazima flashi ya kushoto. Akang'oa shuka jeupe, akaomba kitambaa cheusi. Harshida akamletea koti la Ravindra la kwendea harusini. Flashi iliyobaki akaipeleka nyuma ya ua, kwa pembeni, ishike vyote viwili, ua na kivuli chake. Ili aone mwanga utaangukia wapi, ikabidi asogeze uso karibu.

Sasa, mtoto wa Kibosho anajua ua jeupe la umbo la nyota. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, mkahawa unachanua kwa pamoja, kihamba kizima, shamba la nyumbani, kinakuwa cheupe, na hakuna apitaye bila kuinama avute pumzi. Leodegar hakufikiri. Aliinama, akavuta.

"Halina harufu," alisema, kama aliyepunjwa.

Harshida akamsogelea kutoka nyuma.

"Umelinusa?"

"Nimejaribu tu, mama. Sikuligusa."

Harshida akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Ua likishanuswa halipelekwi kwa Mungu," alisema. "Limekwisha kuwa la aliyenusa. Ungempa mgeni chakula ulichokwisha kuonja?"

Leodegar akashusha kamera. "Mama, nisamehe. Sikujua. Lakini… sikupata kitu. Harufu yake yote bado imo."

"Wewe mwanasheria?" Akacheka kidogo, kicheko kisichotaka kutoka. "Ravindra alisema hivyohivyo. Kila ua lililochanua hapa alilinusa. Nami nilimgombeza, maana hakuna hata moja lililofika pale madhabahuni. Hili ndilo la kwanza ambalo hakuliwahi. Nikasema, basi, hili litafika."

Leodegar akaanza kukunja stendi.

"Unakwenda wapi?"

"Nimekwisha kuharibu, mama."

"Umeharibu la kwangu. La Pranav je? Kaa. Halinukii mchana. Linangoja jua lizame."

"Unajuaje, nawe hulinusi?"

"Yeye aliniambia, okidi nyeupe hunukia usiku. Mimi nilikuwa nasimama pale mlangoni, nimeziba pua kwa upindo wa sari."

Wakangoja. Akaleta chai ya tangawizi, wakainywa huku chini wachuuzi wakikunja maturubai yao. Adhana ya magharibi ilipokwisha, Leodegar akabonyeza. Mwanga ukapiga kutoka nyuma, na kwenye kioo ua likatokea limejaa mishipa yake, kingo zikiwaka, mkia ukining'inia gizani kama uzi wa taa. Upande mmoja wake ulikuwa kivulini. Akauacha.

"Hili linapumua," Harshida alisema.

Ndipo harufu ikafika, polepole, ikapita juu ya moshi wa chipsi na dizeli. Leodegar aliijua kabla hajaitafuta. Ilifanana na ya mkahawa uliochanua. Mama alisimama, mkono ukapanda na upindo wa sari hadi puani kwa mazoea, ukasita hapo. Kisha ukashuka. Akasogea hadi kwenye gogo, akainama na mgongo wake mbovu, akafumba macho. Akavuta pumzi, mara mbili.

"Aliniambia yananukia kama sabuni ya kufulia," alisema mwishowe. "Maisha yote. Sabuni ya kufulia!"

"Labda hakutaka utamani, mama."

"Mwongo mkubwa yule." Akajipangusa macho kwa upindo uleule. "Sasa silikati. Litaanguka lenyewe."

"Na kesho utapeleka nini? Hii picha?"

"Picha ni ya Pranav. Nitanunua maua sokoni. Ya sokoni, nani ajuaye yamenuswa na nani?"

Leodegar alishuka ngazi na stendi zake, akipumzika kila ghorofa. Awadhi alikuwa anafunga duka.

"Vipi Mangi, masikio yalionekana?"

"Moja tu, jingine nimeliacha kivulini," Leodegar akasema, akaketi juu ya begi lisilouzika kungoja magoti yatulie.