Rubani wa Jumamosi

Juma lililopita nilikuwa katika ofisi ya askari wa gendarmerie hapa Bunia, nikingojea ruhusa ya kusafiri. Siku hiyo walikuwa wanatafuta rubani wa kindege cha serikali, cha kufukuza wanaovusha kwa magendo dhahabu ya migodi ya Mongbwalu.

Kijana mmoja aliyesoma Ulaya aliweka brevet yake, cheti cha urubani, mezani. Komanda, mkuu wa ofisi hiyo, hakuigusa. Aliuliza habari za salongo, ile kazi yetu ya kusafisha mji kila Jumamosi.

"Citoyen, weye mwananchi, salongo unafanyaka?"

"Apana, komanda. Nilikuwa ku Bulaya, najifunza kurusha ndege."

Komanda akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari. Akamgeukia mwombaji wa pili, mwenye panga mkononi.

"Na weye?"

"Miye kila Jumamosi niko nakata majani ku kiwanja cha ndege."

"Basi kiwanja unakijua. Utaanza kazi lundi, Jumatatu hii."

"Na ndege yenyewe, komanda?"

"Utaizoea."

Wanaoucheka mtihani huo wafunge midomo. Jana nilipita kiwanjani. Ndege iko palepale, rubani anakata majani kuizunguka, na tangu aajiriwe hatujasikia ajali hata moja.