Siku Niliyowapulizia Wakwe Glezi Getini

Kama kuna mtu anatafuta namna ya kujiaibisha mbele ya koo mbili kabla ya saa sita mchana, aje aniulize mimi, niko na uzoefu. Naisimulia mwenyewe kwa sababu huku Othaya imeshasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, kila mmoja ameongeza chumvi yake, mpaka juzi nikasikia jamaa mmoja sokoni akisema ati nililipua mtungi wa gesi, na wasikilizaji wake wakaitikia kwa masikitiko kabisa. Sikulipua kitu.

Mimi ni mfinyanzi, natengeneza vikombe na bakuli za hoteli za Nyeri na Nanyuki, na karakana yangu ni chumba cha mabati kilichoegemea ua wa nyumbani kwetu, hatua chache tu kutoka kwa geti. Chombo kikishachomwa mara ya kwanza unakipaka glezi, yaani uji wa majivu, udongo na unga wa mawe ambao ukirudishwa kwa moto ndio unakuwa ule mng'aro unaouona kwa kikombe. Kabla ya moto haing'ai hata kidogo, ni tope tu, na yangu nilikuwa nimeitia unga wa kutu ya chuma, kwa hivyo ilikuwa tope jekundu. Miaka yote nilikuwa nachovya vyombo kwa ndoo, vinatoka na michirizi, nikachoka, nikaingia kwa simu nikaona watu wa ng'ambo wakipuliza glezi kwa bomba la kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, ndani ya kibanda chenye feni ya kuvuta ukungu nje, nikasema hata mimi si nina mikono.

Kibanda nilikijenga kwa tangi la maji lililopasuka, nikalikata mdomo kwa mbele, ndani nikaweka kigoda kinachozunguka juu ya beringi ya pikipiki, nyuma nikafunga feni ya nyumba ya kuku, halafu nikaunganisha bomba la bati likatoboa ua na kumwaga hewa kwa kile kinjia cha nje kinachofika getini, ambacho siku za kawaida hakipitwi na mtu isipokuwa ng'ombe wa jirani. Kati ya kigoda na feni niliweka kipande cha godoro kuukuu kishike ukungu wa glezi usitoke nje. Hicho kipande cha godoro mkikumbuke, kwa sababu mimi nilikisahau.

Sasa, Mama. Mama yangu ana mabinti wawili na mimi. Dada mkubwa alienda tu kukaa na mwanamume huko Nakuru, hakuna mzee aliyetumwa, hakuna mbuzi aliyeletwa, na Mama hakulalamika miaka hiyo yote lakini sisi tulijua inamuuma. Kwa hivyo dada wa pili, Wangechi, alipopata kijana wa Mwea, anaitwa Kinyua, mtu mpole wa mashamba ya mchele, na watu wake wakasema wanakuja kwa ruracio, yaani kuleta mahari, Mama alishonesha gauni. Rangi ya maziwa, na ushanga kidogo kwa shingo. Alienda kwa fundi kulijaribu mara nyingi mpaka fundi akaanza kumwandalia chai. Ilikuwa siku yake ya kwanza kupokea wakwe, na hakuna binti mwingine wa kumletea nyingine, hilo kila mtu pale nyumbani alilijua, hata mimi.

Asubuhi ya siku yenyewe akanikuta naelekea karakana. Akasema, "Githinji, leo usiguse udongo."

Nikamwambia, "Mama, ni vikombe kidogo tu. Kompresa ni ya Njogu na anaitaka leo." (Njogu anapaka magari rangi, na ni kweli alikuwa anaitaka, lakini pia ni kweli hajawahi kufuata kitu chake kwa wakati tangu nimjue.)

"Wageni wanakuja saa sita."

"Wageni wa saa sita wanakuja saa nane, Mama. Wewe unajua."

Na hapo sikukosea sana, kwa sababu huku kwetu mgeni wa ruracio akichelewa anatozwa faini, na wote huchelewa, faini imekuwa kama sehemu ya ratiba. Kile sikujua ni kwamba watu wa Mwea walikuwa wameambiwa habari ya faini wakaiogopa sawasawa, wakaamka kukiwa giza, wakapanda basi lao la kukodi na saa nne na nusu walikuwa wamesimama kwa kinjia changu, wanaume kwa suti, wanawake kwa sare nyeupe, wamejipanga nje ya geti kama desturi inavyotaka.

Desturi yenyewe mnaijua. Mgeni haingii tu, anaimba nje, wanawake wa nyumbani wanamjibu kwa ndani, ninyi ni nani, mmetoka wapi, mnataka nini, na hawafungui mpaka wimbo uwaridhishe. Mimi wakati huo niko kwa karakana nimevaa koti la mvua, barakoa kubwa ya mpira, na vile vikofia vya kuziba masikio, kompresa inanguruma, feni inanguruma, na ukungu badala ya kutoka unanirudia usoni, maana kipande cha godoro kilikuwa kimeloa na kuziba. Nikakitoa. Nikafikiria kukiosha, nikaona bomba la maji liko mbali, nikasema vikombe ni vichache, nikakitupa kando na kuendelea. Feni ikapata nguvu ya ajabu. Nikafurahi sana, naona kila kitu kinavutwa nje sawasawa.

Othaya asubuhi ni ya ukungu na manyunyu, kwa hivyo wageni walipohisi ubaridi kwa uso walidhani ni hali ya hewa ya kwetu, wakaendelea kuimba. Kisha wa mbele wakaanza kukohoa na wimbo ukalegea. Wanawake wetu walioko ndani ya geti hawakuona kitu, na wakaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwatania, wakawaimbia kwamba sauti zao ni nyembamba, wasogee karibu na waimbe kama watu waliokula. Wakasogea karibu. Karibu na geti ndiyo karibu na bomba.

Nilijua kuna shida nilipoona bati la ukuta linatetemeka, watu wanaligonga kutoka nje. Nikazima feni, nikatoka kupitia kimlango cha nyuma cha kutokea kinjiani vile nilivyokuwa, koti, barakoa na bomba la kupulizia mkononi, nikajikuta uso kwa uso na mzee Gachoki, msemaji wao, fimbo yake bado iko juu. Mvi zake zilikuwa nyekundu. Nyuma yake kulikuwa na kama watu thelathini, wote wekundu upande mmoja, ule wa bomba, na wa mbele kabisa alikuwa mama yake Kinyua, amefumba macho, anapangusa midomo kwa kitambaa ambacho nacho hakikuwa na mahali pasafi pa kupangusia tena.

Mzee akaniangalia kuanzia chini mpaka juu. Akauliza taratibu, "Kijana, huku kwenu mgeni anaoshwa mikono ama anapakwa tope?"

Nilijibu. Lakini nilikuwa na barakoa, kwa hivyo hakuna aliyesikia, na hata mimi sikumbuki nilisema nini.

Mama Kinyua hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Mimi siingii kwa watu hivi," akageuka, akarudi kwa basi na kukaa kiti cha nyuma. Wanawake wake wakamfuata mmoja mmoja. Geti lilipofunguliwa, Wangechi (ambaye hapaswi kuonekana kabla ya kuitwa) alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, ameona yote. Hakulia. Aliniangalia tu, akarudi ndani na kufunga mlango.

Wazee walizungumza na wazee. Wetu wakasema mara hii faini tutalipa sisi, mbuzi mmoja, na Gachoki akakubali haraka, nafikiri alikuwa na njaa. Lakini ruracio bila mama wa kijana si ruracio, na Mama Kinyua hakutoka kwa basi. Shangazi yetu alienda kumbembeleza, akarudi peke yake. Mimi nilienda bila barakoa, nikapiga magoti kwa ngazi za basi nikaomba msamaha, akasema amenisikia, na akabaki amekaa.

Ndipo Mama, ndani ya gauni lake jipya, akapita katikati yetu sote na beseni la maji ya moto, nguo kuukuu begani. Aliingia kwa basi, madirisha yakafungwa mapazia. Walikaa huko muda mrefu. Mlango ulipofunguliwa, Mama Kinyua akashuka, uso msafi, amevaa gauni la rangi ya maziwa lenye ushanga kwa shingo. Mikono ilimbana kidogo lakini alipendeza. Nyuma yake akashuka Mama, amevaa rinda lake la kukamulia ng'ombe, akanipita, akaingia jikoni.

Wanawake wakaimba upya, na kila kitu kikaenda vizuri. Mbuzi walihesabiwa, Wangechi akaitwa, akakubali, watu wakala na kucheka, mpaka wakaanza kunitania mimi mwenyewe, nikacheka kwa sababu ningefanya nini. Mpiga picha alipiga picha nyingi. Nimezitazama zote. Mama Kinyua yuko katikati, anatabasamu, na Mama hayuko hata kwa moja. Kuna moja tu ambayo mkono wake unaonekana ukipitisha sahani dirishani.

Baadaye nilimuuliza kama aliumia. Alikuwa anakamua. Akasema, "Niliumia. Kesho yake ungekuwa na siku nzima ya kupuliza hivyo vikombe."

Siku hizi kibanda kimegeukia migomba, kipande cha godoro naosha kila jioni, na nyumbani kukiwa na shughuli yoyote, hata ni watu wa kanisa wamekuja kuomba, karakana imefungwa kufuli na ufunguo naupeleka kwa Mama mwenyewe.

Gauni lilirudi wiki iliyofuata, limefuliwa na kupigwa pasi. Mama hajalivaa. Anasema atalivaa siku tutakayoenda sisi kusimama nje ya geti la watu kuniombea mimi mke, na hilo anamwambia kila anayepita. Nimejaribu kutafuta. Shida ni kwamba kuanzia hapa mpaka Sagana, nikimaliza tu kutaja jina langu, msichana anauliza kama ni mimi yule wa glezi.